Gari la Shemeji Lisitoke Jumamosi

Garsen,
Alhamisi asubuhi.

Dada Priscilla,

Bwana asifiwe sana. Habari za huko Kulesa, na mpunga unaendeleaje? Valary kikohozi kimemwacha? Sisi hapa tu wazima. Mama anakusalimu, ila analalamika kwamba mtumbwi wa marehemu Baba, ule uliolala nyuma ya gereji yangu, umepungua upande wa tezi, kule nyuma. Nilimwambia ni mchwa.

Dada, hizo salamu ni za desturi tu. Naogopa. Kabla hujasoma zaidi chungulia uani, gari la Shemeji Caleb lipo? Kama lipo, Mungu ni mwema, kaa usome. Jumamosi lisitoke kumpeleka Valary shuleni Malindi. Lisitoke hata kwenda kanisani.

Unajua mambo yalivyoanza. Shemeji kanunua Subaru ya mashindano, iko chini kama kobe, na njia ya Kulesa ikawa inaikwaruza tumbo kila siku. Akaja kwangu na simu imejaa picha. Kwanza alitaka springi fupi ngumu, gari lishike lami kwenye kona. Nilicheka, nikamwambia kwa hizo ataliacha topeni arudi kwako kwa miguu. Akauliza shokabsoba za kupandisha na kushusha. Nikamwambia ni nzuri, lakini kwa tope letu nati zake zitaganda kabla ya Krismasi. Nikamchagulia shokabsoba nzito, springi zake zibaki, na juu yake tuweke speisa, yale mabamba manene ya chuma yanayoinua bodi inchi mbili. Akakubali. Mpaka hapo nilimshauri kwa moyo safi.

Kilichoniponza ni mdomo. Olow mwenye duka la vipuri alisema mbele ya watu kwamba kazi hiyo ipelekwe Mombasa. Mimi nikajigamba kuwa toka hapa hadi Bangale hakuna fundi wa kunishinda. Speisa zilipofika, za mbele zilikaa sawasawa. Za nyuma zilikuwa za gari jingine, matundu hayakulingana hata kidogo. Shemeji alikuwa ameenda kula, na Olow amesimama mlangoni pake ananitazama huku akitabasamu. Ningesema tu tungoje nyingine. Badala yake nikachukua msumeno.

Shemeji aliporudi alilitikisa gari, akanikumbatia, akaniita injinia. Nawe ukanipigia kunisifu. Haki nilifurahi, Dada, nikasahau kabisa.

Jana nikachukua kipande kilichobaki, nikakibana kwenye vaisi nione kitastahimili kiasi gani. Nilizungusha mara tatu tu. Kikapasuka katikati.

Ni mbao, Dada. Speisa za nyuma nilizichonga kwa mbao ya mtumbwi wa Baba, nikazitoboa, nikazipaka rangi nyeusi. Nilijiambia mti uliotubeba sote mtoni miaka ishirini hauwezi kushindwa na gari. Sasa Shemeji hufika mia na ishirini kwenye lami, na Valary hukaa kiti cha nyuma, juu ya hizo mbao kabisa. Tangu jana sijala.

Yule anayekupigia simu halafu anakata ukisema haloo, ni mimi. Nimejaribu mara tatu, kila mara aibu inanishinda. Ndiyo maana nimempa Diba wa bodaboda barua hii, nimemwambia asimpe mtu mwingine ila wewe.

Ficha funguo kwenye ndoo ya mchele. Shemeji akigomba, msomee hii yote, usiruke kitu. Kesho mapema nakuja na jeki nizitoe kwa mkono wangu. Nikilikuta gari uani, hata akinitia makofi mbele ya Valary nitashukuru. Na Mama nitamwambia mwenyewe habari ya mchwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mungu awafunike mpaka nifike.

Mdogo wako,
Zadock, niliyeogopa kuchekwa na Olow.