Bahari Iliyobaki Kitambaani

Wifi Cherotich,

Joto la Doha limepungua, na mafua yangu yameisha.

Madam alikuwa na picha ya rangi za maji, ya miaka mia mbili: bandari ya kisiwa cha Ugiriki, nyumba zimepanda mlima. Jumatatu niliona vumbi ndani ya kioo. Nikaitoa, nikaipangusa kwa kitambaa kibichi. Bahari yote ikabaki kitambaani.

Madam alipofoka, Gerishon, mumeo, dereva wao, alinitangulia: "Ni mimi, madam." Nikanyamaza.

Wanamrudisha Kenya kesho saa nne. Atakuambia amechoka na kazi, usimwamini. Madam yuko sebuleni sasa hivi, hatua kumi kutoka hapa, na mimi nakuandikia wewe.

Wifi yako,
Edith