Kumsemea Akinyi

Rodi Kopany, Jumanne, Juni 1996

Kumbe na mimi! Wiki nzima nimemnunia mama mkwe kwa sababu mtu akimuuliza Akinyi jambo, yeye ndiye anayejibu. Ni mwaka sasa tangu mtoto ashonwe kaakaa alilozaliwa nalo limepasuka, na bado anaongelea puani. Daktari alituonya: "Msimsemee. Atazoea kunyamaza."

Leo dukani, Salim alimuuliza anataka nini.

"Biskuti," Akinyi akasema, sauti yote ikitokea puani.

"Anataka biskuti," nikadakia.

Salim hakunitazama hata. "Nimemuuliza yeye, mama Akinyi. Sema tena, mami."

Akasema tena. Na tena. Watu nyuma yetu walikuwa wanangoja, nikatamani kutoroka. Mara ya tatu ilisikika afadhali, Salim akampa pakiti.

Sijui kama atawahi kusema vizuri. Januari anaanza nasari, na watoto wakimcheka...

Tulipofika nyumbani nyanya yake akauliza tumenunua nini. Nikafungua mdomo nijibu.

Akinyi akaniziba kwa kiganja chake, kimejaa makombo ya biskuti, akajibu mwenyewe.