Baba, Ulivyojiandikisha Ngazi ya Tatu

Baba yangu mpendwa,

Arobaini yako imepita na wageni wamerudi makwao, wengine hadi Kasenga. Nimeketi kwenye cherehani yako, si kushona, maana unaujua mkono wangu ulivyo mbaya, ila kukuandikia jambo nililolisikia siku ile, ambalo ulistahili kulisikia wewe kabla yangu.

Unakumbuka uliponunua pikipiki. Ilikuwa kuukuu, nyekundu, na ulitaka kupeleka sare ulizoshona kwa shule za Lukafu. Mama aliufunga ufunguo kwenye ncha ya kikwembe chake akasema, "Utaupata siku utajua kuendesha. Siko nataka kuwa mujane juu ya sare ya shule."

Ndipo ukaenda kwa yule ajida, askari jandarme mstaafu aliyefundisha pikipiki kila Jumamosi kwenye kiwanja kule Karavia. Ulivaa suti ya abakosti uliyoishona mwenyewe, kama mtu anayekwenda kupokea wageni wa serikali. Mama alinituma nikusindikize, yaani nikupeleleze.

Ajida alikuwa na ngazi tatu. Ya kwanza ni ya wasiowahi kugusa pikipiki. Ya pili ni ya wanaojua kuendesha lakini wanaogopa barabara. Ya tatu ni ya wazoefu, wanaobeba watu na mizigo safari ndefu.

"Sitwayen, weye uko wa ngazi gani?" akakuuliza, akikuita raia kwa Kifaransa cha serikali.

Ulikuwa umeshafungua kinywa kusema ya kwanza, Baba, nilikuona. Kisha ukaangalia benchi la ngazi ya kwanza ukamwona Idi, mchumba wangu, amekaa na kofia ya pikipiki mapajani. Ukafunga kinywa.

"Ya tatu," ukasema.

Nilikuvuta pembeni. Ukaninong'oneza, "Mukwe yangu aone miye naanguka? Hapana. Kule Kasongo nilikuwa na baiskeli. Iko mambo moja."

Kwenye ngazi ya tatu ukamkuta Mzee Sefu, mchuuzi wa samaki, baba mkubwa wa Idi aliyemlea. Nilitamani ardhi inimeze. Kwa wiki nyingi posa yangu ilikuwa imekwama kwake. Alikuwa anasema mke wa Idi atakaa nyumbani, hatafundisha tena. Mimi nilikuwa naipenda shule yangu, watoto wangu na hata ile chaki inayokwaruza. Nawe ulikuwa umeniambia tu, "Ngoja, mwanangu," na nilidhani hiyo ni njia yako ya kusema umeshindwa.

Ajida akaamuru wazoefu waende wawili wawili, mmoja aendeshe, mwingine awe abiria. Akakupa wewe usukani na Mzee Sefu akapanda nyuma yako na kanzu yake. Injini ilikuwa inanguruma tayari. Ukaachilia kitu fulani cha mkono wa kushoto, pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji, na mkaondoka.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri. Hata Idi alipiga makofi. Ulipopita tena mbele yangu niliuona uso wako, nikajua hujui kusimama. Ajida alikimbia kando yenu akipiga kelele, "Freni! Freni!" mpaka pumzi zikamwishia, akakaa chini.

Mlizunguka, Baba. Kila mlipopita upande wangu nilisikia kipande cha mazungumzo.

"Mukwe, simamisha."

"Nitasimamisha. Lakini kwanza tuseme ya mutoto."

Mkapotea kule kwenye magoli, mkarudi.

"Atafundisha ao hatafundisha?"

"Mwanamuke wa ndoa, tangu zamani," Mzee Sefu alianza, gurudumu likapita kwenye shimo, akakukumbatia kiuno. "Atafundisha. Atafundisha, mukwe. Na usiku, kama anataka."

Ajida hakuwa anatia petroli nyingi, kwa kuogopa mwanafunzi asije akakimbia nayo hadi Zambia. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Pikipiki ikainama taratibu, nanyi mkalala kwenye nyasi kama magunia mawili ya unga. Idi ndiye aliyekimbia kuwainua. Mzee Sefu alitafuta kofia yake, akaivaa, akasema mbele ya watu wote kwamba neno lake ni neno.

Njiani kurudi nilikuuliza kama ulifanya makusudi. Ukasema, "Nilijua siwezi kusimama. Nikaona nisipoteze nafasi."

Jumamosi iliyofuata ulikaa benchi la ngazi ya kwanza, kando ya mkweo Idi, ukajifunza breki kabla ya kitu kingine chochote. Mama akafungua kikwembe. Ukaenda Lukafu na kurudi miaka mingi bila kuanguka, polepole kiasi kwamba wanawake wenye mabeseni kichwani walikuwa wanakusalimia, mnazungumza, kisha wanakupita.

Sasa nikupe lile jambo. Siku ya arobaini Mzee Sefu alikaa kwenye mkeka akikulilia, nami nikamletea chai. Nikamuuliza kitu ambacho kilinisumbua muda wote.

"Baba mukubwa, weye ulikuwa wa ngazi ya tatu. Juu ya nini haukumuonyesha freni?"

Akaangalia kushoto na kulia kama kuna anayesikiliza.

"Mwanangu, na miye sikuijua. Ile siku ilikuwa yangu ya kwanza. Nilimuona Idi kwenye ile benchi."

Nilicheka, Baba, katikati ya msiba wako, mpaka chai ikamwagika. Wanawake wakanigeukia. Mama akaniuliza kuna nini, nikamwambia sikioni. Akacheka mpaka akajifunika uso kwa kikwembe, na alikaa humo kwa muda mrefu, mabega yakitikisika. Sikujua tena kama anacheka.

Mungu akupumzishe pema. Kesho asubuhi naingia darasani.

Binti yako,
mwalimu