Kombe la Saidi

Mke wangu, Mama Saidi,

Barua yangu ya kwanza kwako aliniandikia mwenzangu wa kazi, kabla hatujaoana. Hii naandika mwenyewe. Hati yangu ni mbaya. Nataka isomwe na watu, hasa wenye wana, kwa hivyo sitaficha kitu.

Wakumbuka Saidi alivyoanza kusinzia? Yuwala, mkono wenye tonge wasimama njiani, kichwa chaanguka kifuani. Ukaniambia, "Baba Saidi, huyu ameingiliwa. Ni jini." Nikakubali. Bi Rehema wa nyumba ya pili akasema ni jini wa kike, hao wapenda vijana weupe. Ukacheka. "Huyu wangu mweusi kama masizi! Jini gani huyo asiye na macho?"

Ukaitoa ile sahani nyeupe ya arusi yetu. Maalimu akaandika aya kwa zafarani, ukazisuuza kwa maji, Saidi akanywa. Kombe, asubuhi saba. Ulisimama mbele yake mpaka amalize. "Kunywa yote, baba. Usibakishe."

Siku ya tano nilimuona. Nilikuwa natoka bandarini Mbaraki kushusha magunia, nikakata kichochoro cha huku Bondeni. Saidi amekaa chini na mateja, mkono wa shati umekunjwa, sindano imo. Akaniona. Akasema, "Baba, usimwambie mama."

Sikukwambia.

Niliona ukijua ni unga wa kulevya utakufa. Nikanyamaza, na ukafa vilevile, mwaka haukuisha. Siku zile Saidi alikuwa bado ana mwili. Angepelekwa hospitali mapema. Asubuhi saba zilipoisha tukaanza tena, tukakaa twampa maji ya zafarani, na mimi najua. Hata siku yako ya mwisho, uliponishika mkono ukasema, "Usiache kumpa kombe," nilijibu sawa.

Arubaini yako ilipopita nilimpeleka hospitali. Wakampa dawa ya kunywa kila siku, mbele yao. Akaenda wiki sita, akaacha. Nikamrudisha. Akaacha. Sasa meno ya mbele hana, mguu una kidonda chanuka. Wenzake wawili wa kichochoro kile tumeshawazika. Nilishika jembe kwa wote wawili. Kila nikichimba napima kwa macho urefu wa Saidi.

Juzi adhuhuri alikuja. Arosto imemshika, unga umemwishia mwilini, atetemeka, makamasi yamtoka. Nilidhani ataomba pesa.

"Baba, nifanyie kombe. Lile la mama."

"Wewe huna jini, Saidi."

"Najua. Nifanyie tu."

Zafarani sina. Kuandika aya sijui. Nikatia maji matupu kwenye sahani ile ya arusi, nikayazungusha kama ulivyokuwa ukifanya, nikampa. Akanywa yote. Hakubakisha.

Nikaingia ndani kumtafutia shati safi. Kutoka, hayupo. Na sahani haipo.

Sikumfuata. Shati bado nimelitundika mlangoni. Sijui kwa nini.

Watu waniambia nisikate tamaa. Wao hawajachimba. Mimi nakwambia wewe, kwa sababu wewe peke yako nilikudanganya: mwanao hakuwa na jini, na mimi nilijua.

Nisamehe. Naona yeye atafika kwako kabla yangu. Akifika, mpokee. Usimuulize sahani.

Ni mimi mumeo,
Baba Saidi