Kobe Aliyemwagiliwa Maji

3 Juni

Dada yangu mpenzi,

Habari za siku nyingi? Mgongo wako je, umeacha kukusumbua? Mimi mzima, ila vumbi la saruji limenikaa kooni, nakohoa kama trekta bovu. Na binti yangu Chiriku? Najua hajambo, maana juzi kwenye simu alinisemesha mpaka chaji ikaisha.

Huyo ndiye sababu ya barua hii. Anataka siku yake ya kuzaliwa aje kuifanyia hapa nyumbani, na anataka keki ya kobe. Siyo keki yenye picha ya kobe, Dada. Kobe mwenyewe, mwenye gamba na kichwa. Nikasema sawa kabla sijafikiri.

Naweza kuagiza dukani. Lakini unakumbuka mara ya mwisho ulipomleta? Alisimama mlangoni mwa jikoni akasema, "Baba, hapa hapanuki kitu." Kesho yake mkaondoka wote wawili. Tangu mama yake atutoke jiko lile silitumii, nakula vibandani na mafundi wenzangu. Safari hii nataka akifungua mlango akute kunanukia. Nataka mtoto wangu arudi nyumbani, Dada. Nifundishe, na uniandikie, maana ya kwenye simu yanaingia sikio hili yanatokea lile.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Wewe! Wewe uliyeshindwa kuchemsha yai likaiva! Mgongo unauma nikiinama tu, kwa hiyo nimeamua kutoinama. Chiriku mzima. Ameng'oka jino la mbele, sasa kila neno linatoka na upepo.

Sikiliza. Oveni huna, usihangaike. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga ndani, uweke motoni upate joto. Juu ya mchanga weka bakuli la chuma lenye mchanganyiko wa keki, funika, kisha weka makaa juu ya mfuniko. Ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Bakuli liwe la mviringo, ukiipindua upate mgongo wa kobe. Siagi na sukari upige mpaka viwe vyeupe. Mkono ukichoka, ndiyo kwanza umeanza. Unga usiupige, uchanganye taratibu. Keki ikipoa, na nasema ikipoa kabisa, chukua sukari laini ya unga, upige na ute wa yai mpaka isimame, tia rangi ya kijani, umpake kobe wako. Kichwa na miguu utakata kwenye keki nyingine ndogo.

La pili. Tulikubaliana kwamba atarudi kwako siku atakayotaka mwenyewe, na neno langu siligeuzi. Ila usidhani ni rahisi. Miaka miwili sasa huyu mtoto analala ameshika sikio langu. Mimi sikujaliwa kuzaa, unajua. Basi fanya hiyo keki vizuri.

Dada yako

15 Juni

Dada,

Pole na mgongo usioinama. Mimi afya njema, aibu tele. Nimejaribu Jumapili: chini mkaa mtupu, katikati uji. Nikawapa kuku wa jirani, nao wakaiangalia tu. Mchanga niliuchekecha kwa chekeche la plasta, laini safi, kwa hiyo kosa si la mchanga. Niambie kuhusu moto.

Ila kupaka usinifundishe! Nimejaribu ile sukari kwenye sahani kwa mwiko mpya wa plasta, imelala kama ukuta wa benki. Hapo niko kazini kwangu. Wenzangu wameanza kuniita Bi Keki. Acha waite.

Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo sote. Chini acha makaa machache ya kuhesabika, na usifunuefunue. Keki si mgonjwa wa kuchunguliwa. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu imeiva.

Jumamosi jirani yangu muuguzi anakuja huko kwao, atakuletea mtoto. Mimi siji. Nikija atanishika nguo kama mara ile, nawe utabaki kama mgeni nyumbani kwako. Nimempakia nguo za kubadilisha tu. Alitaka kubeba na mto wake, nikamwambia auache. Halafu nikajiuliza, nimemkataza kwa nini? Nikautia kwenye mfuko.

Dada yako

27 Juni

Dada yangu,

Habari za huko? Sisi hapa wazima, na hilo neno "sisi" nimeliandika nikitabasamu. Nisamehe, najua umekaa roho juu. Kwenye simu nilikwambia amefika tu, mengine yalinishinda kusema.

Ijumaa jioni kobe alikamilika. Alitoka, Dada! Mgongo duara, gamba nimelichora kwa ncha ya mwiko, macho zabibu kavu. Nikalala najisifu. Asubuhi naamka, naona sukari imekauka, ina nyufa ndogondogo. Sasa waulize mafundi wote: plasta ikionyesha nyufa asubuhi, unafanyaje? Unaimwagilia maji. Ndiyo kazi yangu kila siku kabla ya chai. Akili ilikuwa kwenye kituo cha basi na mtoto; mkono ukachukua maji, ukamwagilia, ukarudia ili ishibe. Nilipozinduka gamba lilikuwa linateremka mezani, kijani kinadondoka sakafuni. Nikakaa chini nikalia. Nilimlilia kobe, na nilimlilia mama yake.

Mara hodi. Chiriku akaingia, akanusa, akaja moja kwa moja jikoni. Akamtazama kobe, akanitazama mimi. "Baba, umemfanya nini?" Nikamwambia ukweli: nimemmwagilia maji asipasuke. Lo! Alicheka mpaka akakaa sakafuni karibu yangu. "Keki siyo ukuta, Baba!" Kisha akanifuta uso kwa kiganja, akasema nilete kijiko.

Tukakwangua, tukapiga sukari upya. Mimi napaka, yeye anachora gamba kwa uma na kunikemea nikizidisha. Kobe wa pili alitoka shingo upande, jicho moja limekaribia pua. Tumemla mzima isipokuwa kichwa. Hicho alikifunika na sahani, nikamuuliza cha nani. "Cha Shangazi. Tutampelekea tukienda kumtembelea."

Nikalishika hilo neno "kumtembelea". Kisha nikamuuliza waziwazi kama anataka kukaa hapa na mimi. Akasema anataka, lakini nijifunze kusuka nywele, na Shangazi asikasirike. Hilo la pili ameniachia nikuombe. Dada, tafadhali usikasirike.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

Hamjambo nyote wawili? Mimi sijambo, nasukuma siku. Jibu langu limechelewa kwa sababu nilikuwa naandika nachana, naandika nachana.

Sijakasirika. Mwambie hivyo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Nimelia, lakini hilo usimwambie. Nilitaka arudi kwako na nilitaka abaki kwangu, yote mawili kwa moyo mmoja, sasa utanifanya nini?

Nguo zake nimezifua na kuzipiga pasi, zinakuja na dereva wa basi. Sare ya shule imembana mabegani, mshonee nyingine. Giza analiogopa ila hatakwambia, kwa hiyo acha taa ya ukumbini ikiwaka. Maziwa yenye utando hanywi hata umbembeleze vipi. Kusuka njooni nikufundishe. Vidole vyako vinene, lakini vitazoea.

Jana muuza maziwa alipita akaniita kama anavyoniita siku zote: "Mama Chiriku, leo nikupimie kiasi gani?" Nilitaka kumwambia mimi ni shangazi yake tu, na mtoto amerudi kwa baba yake. Mdomo ukagoma. Nikaitika.

Dada yako