Pawasaplai Niliyoipima kwa Mkono

Rajabu, ndugu yangu,

Nimeharibu. Naanza na hilo kwa sababu salamu zangu unazijua, ndefu kama treni ya mizigo, na leo nikianza kusalimia sitafika. Ile kompyuta uliyokuwa unaiunga, uliyosema itadumu mpaka binti zako waolewe, imekufa. Mimi ndiye niliyeiua.

Chumba chetu cha gemu hapa Ng'ambo, Tabora, bado kiko wazi. Tangu homa ikuchukue, kompyuta mbili kati ya nne zimezima kabisa, na ile ya dirishani inajizima kila mtu akikaribia goli. Vijana wanasema nimeiroga. Shemeji Zuhura yuko ndani anakaa eda, anatoka Alhamisi hii, na akitoka atasimamia chumba mwenyewe. Yeye na wanao wanakula hapa hapa, hakuna kwingine. Nikaapa kwamba siku anayotoka ataikuta mashine yako inawaka.

Uliacha karibu kila kitu kwenye boksi la sabuni: prosesa, madabodi ya kuviunganisha vyote, ramu, kadi ya picha. Ilibaki pawasaplai tu, ile inayogawia umeme vyote vingine. Uliniambia mara ngapi? "Prosesa chukua hata mtumba, haizeeki. Ramu tutaongeza mbele ya safari. Kwenye pawasaplai usinibanie." Mimi nikiitikia kama ninayeelewa. Mji huu wote unaniita Injinia, Rajabu, na bisibisi sijawahi kuishika. Wewe uliunga, mimi nikakaa mlangoni nikitangaza kwamba tumefunga kadi mpya. Eti tumefunga. Hukunikana hata siku moja, na hapo ndipo uliponiponza.

Nilikwenda kwa yule mzee wa Kihindi wa karibu na soko, uliyezoea kununua kwake. Akanitolea moja ya kijivu, ndogo, haina hata taa. Akasema, "Rajabu angechukua hii." Duka limejaa watu. Sijui niliumia kwa nini. Nikamjibu kwamba mimi si Rajabu, mimi nimefika Lubumbashi kwa lori mara sita, nikatoka dukani.

Stendi nikamkuta jamaa ametandika vitu vyake kwenye turubai. Pawasaplai nyeusi, taa nyekundu, imeandikwa wati mia nane. Nikakumbuka wewe ulivyokuwa unazinyanyua moja moja kwa mkono, unafumba macho. Nikainyanyua. Nzito kama jiwe la kusagia. Nikawatangazia waliokuwepo kwamba mimi ni Mnyamwezi, babu zangu walibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo mabegani, mambo ya uzito siambiwi na mtu. Wakacheka, mmoja akanipigia makofi. Hela yote uliyoiacha kwa kazi hiyo ikaishia pale.

Niliunga kwa kufuata zile picha ulizopiga kwa simu ulipounga za mwanzo. Ikawaka, Rajabu. Feni zinazunguka, taa nyekundu ukutani, nikalia peke yangu kama mtoto. Dakika kumi hazikufika. Kikapasuka kitu ndani, mlio mdogo tu, kama ganda la karanga, halafu ile harufu. Fundi redio wa jirani akaifungua. Ndani wamegundisha kipande cha saruji ili iwe nzito. Saruji. Nimenunua tofali, na tofali limeondoka na madabodi na kadi yako ya picha.

Kila asubuhi napita barazani kwenu kujulia hali. Shemeji ananiuliza kutoka ndani, mama yake ameketi mlangoni katikati yetu, "Shemeji, mashine imewaka?" Nami najibu, "Imewaka, inanguruma kama treni inayoingia kutoka Kigoma." Anasema Alhamdulillahi. Siku tatu, Rajabu. Siku tatu namdanganya mke wako akiwa ndani ya eda yako. Ya nne nikachukua begi nikaenda stendi, nipotelee Kahama, nisionekane tena. Usinisifu kwa kurudi. Gari lilichelewa tu, nikakaa pale na begi langu magotini mpaka nikajichukia.

Leo asubuhi nimesema. Shikamoo nikampa mkweo, akaitikia marahaba, na kabla hajanikaribisha nikamwaga yote, mpaka saruji. Nasikia punje za tasbihi ya mama tu. Halafu Zuhura akauliza, "Uliipima kwa mkono?"

Nikasema niliipima.

"Na kibandiko ulikisoma?"

Sikukisoma. Akavuta pumzi, akanieleza taratibu kwamba wewe ulikuwa unapima kwanza, kisha unasoma kibandiko, mstari wa volti kumi na mbili, ndio unaosema ukweli wa nguvu yake, na kabla ya kulipa unatoka nje kumpigia yeye simu mchague wote. Kila pawasaplai. Kila ramu. Mjini wananiita Injinia mimi, mimi najua injinia ni wewe, kumbe wewe nawe ulikuwa na wa kumuuliza. Ungenidokeza tu, bwana. Ningekwenda kwake tangu siku ya kwanza.

Akaniagiza nirudi kwa yule mzee, nichukue ile ya kijivu kama atakubali kunipa kwa mafungu, na madabodi ya mtumba inayokubaliana na prosesa yako. Kadi ya picha tuiache. "Mpira utachezeka, shemeji. Sura za wachezaji zitakuwa kama viazi, lakini haitakufa." Akacheka kidogo. Mama yake akamkaripia kwamba mwenye eda hachekicheki hovyo. Ndipo akaongeza, sauti imeshabadilika, "Hilo la siku tatu tutaliongea nikitoka."

Tutaliongea. Leo sitalala vizuri nikilifikiria, na sina la kujitetea.

Mzee alikubali. Nilimsomea mstari wa volti kumi na mbili kwa sauti, kidole juu yake, na hakunicheka. Vitu vyote viko mezani mbele yangu sasa ninavyoandika. Kama prosesa yako imepona au imekwenda na wenzake, hatujui, na sitaiwasha kujua. Alhamisi atabonyeza yeye.

Nakuahidi hivi. Isipowaka, nitarudi kwenye lori mpaka inunuliwe nyingine, na kila safari nitarudi Tabora. Ikiwaka, nitakaa mlangoni na kuwaambia watu nani anayezichagua mashine hizi, na habari ya saruji nitaisimulia mimi mwenyewe bila kuipamba.

Mungu akulaze pema, Rajabu. Nilitaka kumalizia kwa kukuuliza waya wa feni unaingia wapi kwenye madabodi hii ya mtumba, maana hii pichani haimo. Acha. Nitamuuliza Zuhura mwenyewe.

Wako,
Masudi