Mistari Yako Mitatu, Mabano Yangu Matano

Rafiki yangu Tluway,

Pampu inafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeniuliza kabla hata ya salamu.

Homa ilipokuchukua, wazee wa hapa Balangdalalu walitaka kuita fundi wa mjini. Pampu ya kwanza iliungua kwa kuvuta kisima kikavu, na hii nayo ikiungua, ng'ombe watarudi kufuata maji mbali. "Huyu aliyeishia kidato cha pili ataiua," mzee mmoja akasema, na mimi nimesimama pale pale! Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Ikivuta, utaninunulia soda."

Unakumbuka tulivyobishana, tukichora kwa mkaa kwenye mlango wa stoo ya mama yako? Maswali matatu: kisima kina maji? Tangi lina nafasi? Swichi ya mkono imewashwa? Pampu iwake kisima kikiwa na maji, mradi tangi lina nafasi au swichi imewashwa. Wewe msomi wa chuo cha ufundi ukaandika hali za kuwasha: mistari mitatu, ndani "na", katikati "au". Mimi nikaandika za kuzima, kila bano likikataa hali moja: mabano matano, ndani "au", katikati "na". Ukacheka, "Safari, unaandika insha?" Tukawekeana: atakayekosea atampa mwenzake shikamoo.

Basi nimejaribu hali zote nane za ndiyo na hapana kwa balbu kabla ya kugusa pampu. Yako na yangu zinawaka pamoja, zinazima pamoja. Pacha kabisa! Kwenye pampu nimefunga yako. Usijisifu, waya wa yangu haukutosha.

Ila kuna kitu... Nilitaka kufupisha mistari kwa kuruka swali lisilohitajika, ukanikatalia: "Kila mstari uwataje wote watatu. Asiyekuwepo naye anatajwa, unamwekea tu kistari cha 'hapana' kichwani." Nikaona ni usumbufu wa shule. Sasa mama yako akigawa ugali anawataja watoto wote, na wewe umo. Una kistari tu.

Ng'ombe wamekunywa. Soda nimekunywa, na mzee bado ananuna.

Lala, ndugu yangu. Ule mlango hautapakwa rangi nikiwa hai. Na kwa kuwa hakuna aliyekosea, shikamoo hunidai. Lakini jana nimekuja kaburini kwako nimekupa, mbele ya mama yako na mbuzi wawili.

Usiitike tu. Nitakimbia.

Safari